Mwendo wa Ambokile

Atuganile alimsikia mumewe akija koridoni. Akaweka kikombe cha chai mezani, akasimama, akanyoosha mkono kushika kitasa, na hapo ndipo akakumbuka kwamba mumewe alikwisha kufa.

Hatua ziliendelea kuja. Mguu wa kushoto ulitua kisigino kwa uzito, ukakaa, kisha ukaburuza kidogo upande wa nje kabla ya kuinuka, kama mtu anayefuta tope kwenye nyasi. Mguu wa kulia ukafuata haraka haraka. Kisha ule wa kushoto tena: kutua, kukaa, kuburuza. Tukuyu nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyetembea hivyo. Hatua zilipofika mlangoni zikakoma, ikabishwa hodi, na aliyeingia alikuwa kijana mfupi mpana wa mabega, koti la mvua likimchuruzika maji sakafuni.

"Shikamoo, dokta. Naitwa Gwamaka. Kituo cha miguu cha Mbeya wamenihamishia kwako kwa kuwa nimerudi nyumbani."

"Marahaba," alisema Atuganile. "Karibu. Mguu ni upi?"

Gwamaka akacheka. "Kumbe hauonekani? Basi walioutengeneza wamefanya kazi."

Akapandisha suruali. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti, baada ya kubanwa na mkanda wa mashine kwenye kiwanda cha chai alichokuwa akifanyia kazi. Kigutu kilikaa vizuri ndani ya kikombe cha mguu wa bandia, ngozi haikuwa na kidonda. Chini ya kikombe kulikuwa na goti la umeme, kisha muundi wa chuma chepesi, kisha unyayo wa plastiki ndani ya kiatu cha kawaida. Haukuwa mpya. Ulikuwa mguu uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine, ukasafishwa, ukapimwa upya kwa ajili yake.

"Tembea mpaka ukutani, geuka, urudi."

Sakafu ya chumba kile ilikuwa na bamba refu jeusi lililosoma uzito wa kila unyayo uliolikanyaga. Mtu anapotembea, ardhi humsukuma mara mbili kwa kila hatua: kisigino kinapotua, na vidole vinapojisukuma kuondoka. Kwenye kioo cha mashine misukumo hiyo huchorwa kama nundu mbili, moja nyuma ya nyingine, na hakuna watu wawili wenye nundu zinazofanana. Gwamaka akatembea. Mstari wa mguu wa kushoto ukajichora. Nundu ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa imeinama, na ubavuni mwake palikuwa na jino dogo.

Jino lile Atuganile alilijua. Lilikuwa la kifundo cha mguu alichoteguka mumewe, Ambokile, alipokuwa kijana, kikapona vibaya.

"Tembea tena," alisema.

"Kuna tatizo, dokta?"

"Hapana. Tembea tena tu."

Goti la umeme halijui kutembea mpaka lifundishwe, na mtu aliyekwisha kukatwa mguu hana tena mwendo wa kulifundishia. Kwa hiyo aliazimwa mwendo wa mtu mwingine. Walikuwapo watoa mwendo kama walivyokuwapo watoa damu, watu wazima wa miguu waliobandikwa vipimo mwilini, wakatembezwa kwenye tambarare, kwenye ngazi, kwenye matope, mpaka mashine ikajua kila msuli wao unaamka lini na kulala lini. Rungwe, nchi ya milima na mvua isiyokwisha, ilihitaji watu wa miteremko. Ambokile alikuwa mkaguzi wa miteremko. Kazi yake ilikuwa kupanda milima na kukagua vyombo vilivyofukiwa ardhini ili vitoe onyo udongo unapoanza kusogea. Atuganile ndiye aliyembandika vipimo. Siku zile hawakuwa wameoana. Alikuwa akimfuata nyuma mlimani na mashine mgongoni, akimwambia asitembee kama mtu anayetazamwa, naye Ambokile akimjibu kwamba haiwezekani, maana anatazamwa.

Baadaye ikaja sheria. Wajane na mayatima walikuwa wamelalamika kwamba wanawasikia marehemu wao barabarani, wakigeuka wanakuta watu wasiowajua. Ikaamuliwa kwamba mtoaji akifa, mwendo wake ufutwe kwenye hazina ya miendo. Ule uliokwisha kuwekwa mguuni mwa mtu ungeachwa humo mpaka siku goti litakapofunguliwa kufundishwa upya. Mlima ulipoporomoka na kumfukia Ambokile, Atuganile aliufuta mwendo wake hazinani kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakutaka mtu mwingine aifanye. Hakujua kwamba umebaki mahali, kwenye goti la zamani ambalo Mbeya walimvalisha mtu mwingine bila kulifungua.

Akautazama mstari wa pili kwenye kioo, wa mguu wa kulia, mguu mzima wa Gwamaka. Huo ulimwogopesha.

Ambokile alikuwa mrefu, mapaja marefu kama ya korongo. Goti lilirusha mguu mbele kwa kipimo chake, likaudai mwili ufike mahali ambapo mwili mfupi wa Gwamaka ulikuwa haujafika. Ili aufikie, kijana alijiinua kwa vidole vya mguu wa kulia, akanyanyua nyonga, akapinda kiuno, na alikwisha kulizoea hilo hata hakujua kwamba anafanya. Kila hatua, nyonga yake ya kulia ilipokea mzigo ambao haikuumbiwa. Gegedu lililomo humo, ambalo huzuia mfupa usisage mfupa, likiliwa halioti tena.

"Kiuno kinakuuma?"

"Jioni jioni. Lakini dokta, nani asiyeumwa kiuno?"

"Na nyonga hii ya kulia?"

"Nikipanda kilima. Inakuja, inaondoka."

Dawa ilikuwa moja: kulifungua goti, kuufuta mwendo uliomo, na kulifundisha upya, polepole, kwa mwili wa Gwamaka mwenyewe. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Atuganile alikwisha kuwafanyia watu wengi, na kwa mgonjwa mwingine yeyote angeanza siku ileile.

"Rudi wiki ijayo," alisema.

*

Gwamaka akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila alipokuja Atuganile alipata sababu. Mara aliinua soli ya kiatu cha kulia. Mara alikaza kikombe. Mara alimpa mazoezi ya misuli ya kiuno. Yalisaidia kidogo, na kidogo hicho alikishikilia kama mtu anayeshikilia kamba iliyooza. Kisha alimwambia atembee, na yeye akageuka kupanga vifaa kwenye rafu vilivyokuwa vimepangika tayari, akasikiliza kwa mgongo.

Gwamaka alikuwa mzungumzaji. Alipata kazi ya kuchambua maparachichi kwenye ghala la ushirika, akawa anamletea Atuganile yale yaliyokataliwa kwa sababu ya umbo. Alisimulia habari za mchumba wake wa Kyela aliyemwambia kwamba siku hizi anatembea kama bwana mkubwa. "Zamani nilikuwa natembea kama bata," alisema. "Mguu umekatika, mguu umenipa heshima. Mungu naye ana mambo yake."

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi na haikuonyesha dalili ya kukoma. Ilipofika saa ya kufunga kituo Gwamaka alikuwa bado yupo, na kumbe njia yao ilikuwa moja. Alikuwa na mwavuli mpana wa ghalani.

"Nikusindikize, dokta. Utalowa."

Atuganile angeweza kukataa. Nyumbani alimwacha mama mkwe wake, Bi Ikupa, ambaye macho yake yalikwisha kumalizwa na kisukari na ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alijua nini kitatokea. Njia nzima, chini ya mwavuli ule, alijua.

Bi Ikupa alikuwa barazani, ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole. Hatua zilipogusa saruji ya baraza, vidole vikasimama.

"Ambokile," alisema. "Umelowa. Ingia ndani, mwanangu, jiko lina moto."

Gwamaka akamtazama Atuganile, akingoja amwambie bibi kwamba amekosea. Atuganile alikuwa akitazama mvua. Basi kijana, kwa malezi aliyolelewa, akainama kidogo na kusema kwa upole, "Naam, mama. Naingia."

Sauti ile haikuwa ya Ambokile, na Bi Ikupa hakuwa kiziwi. Lakini aliinuka akishika ukuta, akapakua ndizi zilizokuwa jikoni, mbalaga ya moto yenye maziwa, akaketi karibu na kijana akimsikiliza anavyokula. Hakumwuliza alikuwa wapi siku zote. Alimwuliza tu kama chumvi inatosha.

Mlima ulipoporomoka, watu walichimba mpaka wakachoka, na mwili haukuonekana. Ndugu walikuja, wakazika nguo zake, wakaomba. Bi Ikupa alikaa ndani na hakutoka. "Mnataka nimlilie nani?" aliwauliza. "Nionyesheni nimshike." Hakumwaga chozi mbele ya mtu. Wanawake wa mtaa waliokuja na kuni na unga walikaa siku mbili tatu bila kilio, wakaona wanamkera mwenye nyumba, wakaondoka mmoja mmoja. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kulala na kukaa na ungo wake, hali mpaka abembelezwe, hasemi mpaka asemeshwe.

Mvua ilipopungua, Atuganile alimsindikiza mgeni mpaka njiani.

"Ambokile ni nani, dokta?"

"Mwanawe. Alikuwa mume wangu. Alifukiwa na mlima."

"Aisee. Pole sana." Gwamaka akakung'uta mwavuli. "Na anadhani ni mimi. Kwa nini?"

"Ni mzee," alisema Atuganile. "Anakusikia unavyokanyaga."

Ulikuwa ukweli, na ulikuwa njia ya kuuficha ukweli.

"Basi nikipita nitamsalimia," alisema Gwamaka. "Salamu hainipunguzii kitu."

Akawa anapita kila siku ya soko. Bi Ikupa akaanza kuamka mapema na kuoga mwenyewe. Akadai apelekewe majani ya maboga, akayapika mwenyewe kwa kupapasa, akaungua kidole na kucheka. Jioni moja Atuganile alimkuta akiimba kwa Kinyakyusa wimbo wa kubembelezea watoto, akaketi kwenye ngazi ya mlango mpaka wimbo ukaisha. Alijiambia kwamba mwezi ujao atalifungua goti. Mwezi ujao ulipofika, alijiambia hivyohivyo.

*

Gwamaka aliletwa kituoni kwa guta la umeme la kubebea mizigo ya ghalani, amelala kati ya kreti tupu. Alikuwa amebeba mzigo mdogo tu, akapandisha mguu kwenye kizingiti, na nyonga ya kulia ikakataa. Alianguka ubavu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Atuganile alimpiga picha ya mifupa. Hakuhitaji kuitazama kwa muda mrefu. Juu ya kichwa cha mfupa wa paja, pale panapotakiwa kuwa na nafasi nyeusi ya gegedu, mifupa ilikuwa imekaribiana mno.

Akamvua mguu wa bandia ili apumzike, akaketi kwenye kiti cha chini mbele yake, mguu ule mapajani mwake. Akamweleza. Alianzia jino dogo kwenye mstari wa bamba, akafika kwenye kifundo kilichoteguka, akafika kwa mume. Alimwambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza.

"Ina maana," alisema Gwamaka mwishoni, "siku ile ya kwanza, uliponiuliza kama nyonga inauma, ulikuwa unajua inauma kwa nini."

"Nilijua."

"Na ukaniambia nirudi wiki ijayo."

"Ndiyo."

"Ili usikie."

Atuganile akaitazama picha ya mifupa.

"Mimi nilikuwa nakuletea maparachichi," alisema Gwamaka. "Nilikuwa nawaambia watu, yule mama ananijali, hanifanyii kazi ya haraka haraka kama wale wa mjini. Kumbe hujawahi kuniona! Mimi nilikuwa guta, si ndiyo? Guta la kumbebea mumeo. Guta likivunjika linatupwa, linatafutwa jingine."

"Hakuna jingine, Gwamaka."

"Hilo ndilo la kuniambia?"

Akataka kuondoka kwa hasira, lakini mguu wake ulikuwa mapajani mwa Atuganile. Waliligundua hilo wote wawili kwa wakati mmoja. Atuganile akasimama upesi, akampa, akageuka ili kijana auvae bila kutazamwa. Alisikia kikombe kikishika kigutu, goti likinguruma na kuamka. Kisha akasikia hatua zikienda mlangoni na kushuka koridoni. Kutua, kukaa, kuburuza. Katika miaka yote ya ndoa yao Ambokile hakuwahi kutoka nyumbani kwa hasira. Sasa Atuganile alijua ingesikika namna gani.

*

Gwamaka hakuonekana kwa muda. Siku za soko Bi Ikupa alipika, akaweka sahani, akafunika. Jioni Atuganile aliifunua sahani na kula chakula kile mwenyewe, ili asubuhi bibi asikikute.

"Ana kazi nyingi," alisema Bi Ikupa. Wala hakuwa akiuliza.

Gwamaka alipokuja kituoni, alikuja na fimbo. Hakumwamkia Atuganile. Aliketi kwenye benchi na kunyoosha mguu mbele.

"Ufungue," alisema. "Ufute. Nimekwenda Mbeya kutafuta mtu mwingine, wameniambia anayejua kufundisha goti kwa miteremko ya huku ni wewe. Kwa hiyo nimerudi. Sijakusamehe."

"Sijakuomba unisamehe."

"Uniombe. Hata kama sitaki, uniombe."

Atuganile akapiga magoti pale pale sakafuni, kama anavyopigia magoti wakubwa wake, ingawa kijana yule angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. "Nisamehe, Gwamaka. Nimekuumiza nikiwa naona."

Gwamaka akatazama dirishani. Halafu akasema, "Inuka, dokta. Watu watatuona." Kisha akauliza, "Na yule mama?"

"Ni juu yangu."

"Amekuwa akipika?"

"Amekuwa akipika."

Kijana akajikuna kidevu. "Basi kabla hujafuta, nikamuage. Nikapande pale barazani, nikae kidogo, nimwambie naenda safari ya mbali. Kwa ajili yake, si yako. Mzee asiachwe hivihivi."

Atuganile alijua kwamba angepaswa kukataa hapo hapo. Hakukataa. Wakatoka pamoja, wakaanza kuteremka.

Kuteremka ndiko kugumu. Mtu akipanda, misuli husukuma. Akishuka, misuli huzuia, na nyonga hubeba mwili wote huku ukidondoka. Mwendo wa Ambokile ulikuwa mzuri kuliko yote kwenye mteremko. Hata sasa Atuganile, akitembea hatua moja nyuma, alisikia jinsi kisigino kilivyojua mahali pa kutua kwenye tope, kilivyongoja, kilivyojivuta nje kwa madaha. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na majani ya chai yalimetameta mpaka bondeni. Akafumba macho. Hatua tatu, nne, alitembea na mumewe kwenda nyumbani.

Alipofumbua aliona shingo ya Gwamaka. Mishipa ilikuwa imesimama. Jasho lilikuwa limelowesha ukosi wa shati. Hakuwa ametoa sauti yoyote.

Paa la nyumba lilikwisha kuonekana. Moshi wa jiko ulikuwa ukipanda.

"Simama," alisema Atuganile.

"Tunakaribia."

"Simama, Gwamaka. Keti hapa. Vua mguu."

"Na mama?"

"Vua."

Kijana akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akavua. Atuganile akaubeba mguu kwapani, akainama, akampa bega. Gwamaka alikuwa mzito kuliko alivyomdhania. Walirudi kituoni wakipanda kidogo kidogo, mmoja akiruka, mwingine akihema, na wachuma chai waliokuwa wakirudi na vikapu vyao wakasimama kuwapisha.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alilifungua goti, akaliunganisha na mashine, mashine ikamwuliza kama ana hakika, akasema ana hakika. Goti likanguruma, likanyamaza. Atuganile alikuwa ameshika muundi wa chuma, akahisi mtikisiko ule ukiisha viganjani mwake. Alikaa hivyo mpaka Gwamaka alipokohoa.

Akamvalisha, akamweka kati ya nondo mbili za kushikilia. Hatua ya kwanza goti lilikunjika lisipotakiwa. Ya pili halikukunjika kabisa. Kijana akaning'inia kwa mikono, akatukana, akacheka kwa uchungu.

"Sasa natembea kama nani?"

"Bado hutembei," alisema Atuganile. "Shusha bega. Usiutafute mguu mbele, ungoje chini yako. Tena."

*

Bi Ikupa alikuwa amekaa jikoni, sahani imefunikwa mbele yake. Alimsikia Atuganile akiingia peke yake.

"Leo nilimsikia," alisema. "Kwa mbali, kule juu, kwenye njia ya chai. Nikasema anakuja. Halafu akasimama."

"Mimi ndiye niliyemsimamisha, mama."

Atuganile akaketi chini, karibu na miguu yake, akamweleza kwa maneno machache, kwa kuwa mengi hakuwa nayo. Kwamba kijana yule anaitwa Gwamaka, mwana wa watu. Kwamba mguu wake ulikuwa umefundishwa kwa mguu wa Ambokile. Kwamba ulikuwa unamuumiza. Kwamba ameufuta, na mwendo ule haupo tena popote.

Bi Ikupa akapapasa ukingo wa sahani mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakachemka na kumwagika motoni. Hakuna aliyeyaondoa.

"Nilijua si yeye," alisema. "Mwanangu alikuwa hasemi 'naam'. Nilimfundisha, akakataa." Mkono wake ukapapasa mpaka ukakipata kichwa cha Atuganile, ukatua hapo. "Kijana anaumwa sana?"

"Atapona, kiasi."

"Mpelekee chakula hiki."

"Nitampelekea."

"Na Ambokile je?"

Atuganile akaisogeza sahani pembeni. "Ambokile amekufa, mama."

Mkono uliokuwa kichwani ukakaza, ukashika nywele mpaka zikauma. Kisha sauti ikaanza kutoka kwa bibi, chini kabisa, kama mlango mzito unaoburuzwa, ikapanda. Atuganile alikuwa hajawahi kuisikia. Akamshika miguu, naye akalia.

Walipotulia kidogo, Bi Ikupa akajifuta uso kwa kanga.

"Nenda kwa Mama Lugano," alisema. "Waambie majirani. Waambie nimefiwa na mwanangu."

Ilikuwa imepita miaka. Majani ya paa la kibanda walichojengewa waombolezaji yalikwisha kuoza. Atuganile akataka kusema watu watatushangaa, lakini hakusema. Akavaa kandambili, akavuka uwanja, akapita kwenye migomba mpaka kwa jirani. Mama Lugano alikuwa akimenya ndizi mlangoni, mikono imejaa utomvu.

"Nimetumwa na mama," alisema Atuganile. "Anasema Ambokile amefariki."

Mama Lugano akamtazama. Akaweka kisu chini, akanawa mikono polepole, akachukua kanga iliyokuwa kwenye kamba, akaifunga kiunoni. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa ndani alete kuni, akatangulia njiani, na kabla hajaufikia uwanja wa Bi Ikupa akaanza kulia kwa sauti, ili nyumba nyingine zisikie na kuja.